Mjerumani mwingine kabisa: afisa aliyeshindwa vita kwao akaikuta nyingine Marekani

Juzi kijiweni kwa muuza kahawa stori ilikuwa ileile ya siku hizi, vijana wa kwetu, wa Kenya na wa hapa Tanzania, wanaoondoka wakijua wanaenda kazini Urusi halafu wanakuja kukutwa mstari wa mbele Ukraine. Jamaa mmoja akafunga mjadala kwamba mtu yeyote anayevaa gwanda la nchi isiyo yake ni mamluki, hakuna jina lingine. Mimi kiherehere changu nikasema mbona kuna Wajerumani kibao walipigana ile vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, wengine wakafika hadi ujenerali, na hao huwezi kuwaita mamluki hata kidogo. Nikawa nimechokoza nyuki. Mzee mmoja pale akaniangalia akauliza, "Mjerumani? Mjerumani huyuhuyu wa Maji Maji?" Mwingine akasema hao hawakuwa Wajerumani walikuwa Waholanzi, kasoma mahali. Wa tatu akatoa simu akatusomea kwamba jenerali wao mmoja alijificha siku tatu kwenye banda la nguruwe, kijiwe kizima kikacheka, kahawa ikapoa na tukaachana hatujaelewana.

Sasa nimeona niandike taratibu, maana haya mambo ukiyachanganya huwezi kuyaelewa, na nitamfuata zaidi mtu mmoja, August Willich, kwa sababu maisha yake yanabeba karibu kila kitu.

Tuanze na maneno. Mamluki anapigana kwa sababu kalipwa, kazi ikiisha anachukua chake anaondoka. Mkoloni katumwa na serikali yake aje akutawale. Mhamiaji kaja kuishi, ana chumba, ana kibarua, pengine na mke kampata hapohapo. Chukulia nyumba inaungua usiku mtaani kwenu. Kuna mtu kaitwa kwa hela aje kuzima, kuna mwingine anashangilia moto kimoyomoyo kwa sababu anakitaka kiwanja, halafu kuna mpangaji wa chumba cha uani, hakuzaliwa mtaa ule, lafudhi yake mnaicheka kila siku, lakini kashika ndoo anakimbia kwa sababu godoro lake na wanawe wamo mle mle ndani. Afisa ninayemsema mimi ni huyo wa chumba cha uani.

Neno la pili ni hilo lenyewe, Mjerumani. Miaka hiyo hapakuwa na nchi inayoitwa Ujerumani, imekuja kuzaliwa 1871. Kabla ya hapo kulikuwa na vijinchi kama 39, Prussia, Bavaria, Baden na vingine vidogo vidogo, kila kimoja na mtawala wake na jeshi lake. Kwa hiyo kumwita mtu Mjerumani mwaka 1850 ni kama kumwita mtu Mswahili, unataja lugha na mila, hutaji pasipoti. Na kuhusu Uholanzi, Wajerumani wenyewe wanajiita "Deutsch", na Kiingereza cha zamani kiliwaita wao na Waholanzi wote "Dutch", jina ambalo baadaye kwa Kiingereza likabaki la Waholanzi. Basi kila Mjerumani akawa "Dutch" na mara nyingi lilikuwa tusi. Ndugu yangu wa Uholanzi hakudanganya, alisoma kitu kilichokosewa toka zamani.

Hii habari ya mamluki nayo haikuanguka kutoka hewani. Wakati Wamarekani wanapigania uhuru wao kutoka kwa Mwingereza, Uingereza ilikodi askari wapatao 30,000 kutoka kwa watawala wa Kijerumani, wengi wao wa Hesse, na hela ya kukodi ikaenda mfukoni kwa watawala hao. Askari mwenyewe alikuwa kama trekta la kukodi, mwenye trekta ndiye anayelipwa. Wale ndio waliacha hilo doa. Lakini upande wa pili wa vita hiyohiyo alikuwepo von Steuben, afisa wa zamani wa Prussia, aliyefika kambi ya Valley Forge Februari 1778 na kuwafundisha kwata askari wa Washington waliokuwa hata kupanga mstari hawajui. Unaona, vita moja tu na tayari una Wajerumani wa aina mbili.

Sasa Willich. Alizaliwa 1810 Braunsberg, Prussia Mashariki, leo ni Poland na panaitwa Braniewo. Jina lake kamili lina "von" katikati, alama ya ukoo wa kikabaila. Baba yake alikuwa afisa wa wapanda farasi, akafariki mtoto akiwa mdogo, akalelewa kwenye nyumba ya Schleiermacher, mwanateolojia mkubwa sana Berlin. Akiwa bado kijana mdogo wakampeleka shule ya kijeshi, 1828 akatoka luteni. Yaani huyu mtu aliiva jeshini kabla hajaota ndevu vizuri, na jeshi lenyewe ni la Prussia ambalo kwa nidhamu hakuna aliyelifikia.

Tatizo alianza kusoma na kufikiri. Kufika 1846, yeye kapteni, alishakuwa mtu wa jamhuri, haamini tena habari za mfalme, akaandika barua ya kujiuzulu yenye maneno makali mpaka wakampeleka mahakama ya kijeshi. Wakamwachia, akatoka jeshini, na "von" yake akaitupa. Akashika randa na msumeno akawa fundi seremala. Hebu fikiria kapteni mzima wa jeshi, mtoto wa kabaila, anaranda mbao na vibarua. Watu walidhani kachanganyikiwa, yeye aliona ndiyo kwanza kapona.

Mwaka 1848 vijinchi vile vikalipuka. Watu walitaka bunge, katiba, magazeti yaachwe yaseme, na vijinchi viungane viwe taifa moja. Kwa mwaka na kitu ilionekana kama inawezekana, halafu watawala wakajipanga. Ngome ya mwisho ya wanamapinduzi ilikuwa Baden, kusini magharibi, na Willich alikuwa kule anaongoza kikosi cha watu wa kujitolea. Msaidizi wake vitani alikuwa kijana anaitwa Friedrich Engels, ndiyo, huyohuyo wa Marx. Majira ya joto 1849 jeshi la Prussia likawapiga wakavuka mpaka kuingia Uswisi, na aliyeongoza jeshi hilo ni mwanamfalme Wilhelm, mdogo wake mfalme wa Prussia. Huyu Wilhelm mshike jina, nitamrudia mwishoni.

Waliokimbia baada ya hapo ndio historia inawaita watu wa 48. Usichanganye, Wajerumani wengi waliohamia Marekani miaka ile hawakuwa wakimbizi wa siasa, walikuwa wakulima na mafundi waliokimbia njaa na ukosefu wa ardhi, watu wa 48 walikuwa maelfu machache tu ndani ya wimbi la watu zaidi ya milioni. Ila walikuwa na midomo. Walikuwa wahariri, walimu, mawakili, maafisa wa zamani, kila mji waliofika gazeti la Kijerumani likaanzishwa na chama cha mazoezi ya viungo kikafunguliwa.

Willich alipitia kwanza London, na huko aligombana na Karl Marx mpaka akamtaka wapigane kwa bastola. Marx akakataa, ana akili zake. Kijana mmoja mfuasi wa Marx anaitwa Schramm akasema basi mimi nitasimama, wakavuka hadi Ubelgiji, Willich mzoefu wa silaha toka utotoni na yule dogo hajui kitu, risasi ikamkwaruza kichwani, akapona. Mimi kipande hiki huwa kinanikera kidogo kwa sababu kinaonyesha kwamba ukabaila aliodhani kautupa na jina ulikuwa umebaki kwenye damu, mtu wa jamhuri anataka kumaliza ubishi kwa bastola kama bwana mdogo wa kasri.

1853 akavuka bahari. Akafanya useremala kwenye karakana ya meli za jeshi Brooklyn, baadaye kwa sababu hesabu anazijua akapata kazi ya upimaji wa pwani, na 1858 akahamia Cincinnati, Ohio, kuhariri gazeti la Kijerumani la wafanyakazi. Cincinnati kulikuwa na mtaa mzima wa Wajerumani ng'ambo ya mfereji, watu wakauita "Over-the-Rhine", ng'ambo ya Rhine, maana ukivuka ule mfereji unasikia Kijerumani tu, makanisa ya Kijerumani, bia ya Kijerumani, watoto wanatukanana Kijerumani.

Aprili 1861 majimbo ya kusini yaliyojitenga yakapiga ngome ya Fort Sumter, bandarini Charleston. Rais Lincoln akaomba watu 75,000 wajitolee. Wajerumani waliozaliwa ng'ambo walikuwa karibu milioni 1.3 nchini, na kabla vita haijaisha watu kama laki mbili wa asili hiyo walivaa sare ya kaskazini, upande wa Lincoln. Hapo ndipo swali la kijiweni linarudi, kwa nini? Kwa hela?

Tusiwe watakatifu, hela ilikuwepo. Askari wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi, na baadaye majimbo na miji ikaanza kutoa bonasi kwa anayejiandikisha, kwa mtu aliyeshuka melini mfukoni mtupu hiyo si haba. Uraia pia ulikuwepo, sheria ya Julai 1862 ilisema mgeni aliyetumikia jeshi akaachiwa kwa heshima anaweza kuomba uraia akiwa kaishi nchini mwaka mmoja tu. Kwa hiyo ahadi ya karatasi ukimaliza jeshi haikuanza na hawa wanaowadanganya vijana wetu leo. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa sheria imeandikwa na mtu aliisoma kwa lugha yake gazetini kabla hajatia dole gumba, na nchi anayoipigania ndiyo anayoishi.

Halafu kulikuwa na kitu ambacho kwa mtu kama Willich kilizidi hela. Yeye alivyoiona, mabwana wenye mashamba na watumwa wa kusini walikuwa walewale makabaila aliowaacha Prussia, wamebadilisha kofia tu. Alishapigana nao 1849 akashindwa, sasa kapewa mechi ya marudiano. Alikuwa na miaka 50.

Lakini msije mkaniambia Wajerumani wote walikuwa hivyo. Wengi walienda kwa sababu rafiki zao wameenda, wengine walichukuliwa kwa lazima ilipokuja sheria ya uandikishaji Machi 1863, maana ilimkamata hata mgeni aliyeshatamka tu kwamba anataka kuwa raia. Na kusini nako walikuwepo Wajerumani waliopigania Kusini. Texas ilikuwa tofauti kidogo, wakulima wengi wa Kijerumani kule milimani hawakutaka kabisa kujitenga, kundi lao moja lilijaribu kukimbilia Mexico na Agosti 1862 wakavamiwa usiku karibu na mto Nueces wakauawa, na wengine waliokuwa majeruhi wakamalizwa palepale. Kuna mnara wao mji wa Comfort mpaka leo, umeandikwa Kijerumani maneno yanayomaanisha uaminifu kwa Muungano, yaani upande wa kaskazini.

Tuje kwenye maisha yenyewe ya afisa. Willich alianza kama mnadhimu wa rejimenti ya 9 ya Ohio, ya Wajerumani watupu, akawanoa mpaka sifa zikavuka mto. Gavana wa Indiana, Morton, akamwita aunde rejimenti ya Wajerumani wa jimbo lake, ikawa ya 32 ya Indiana, yeye kanali. Rejimenti ilikuwa watu kama elfu moja hivi, rejimenti kadhaa zikiwekwa pamoja unapata brigedi.

Amri zote zilitolewa kwa Kijerumani. Wamarekani wengine waliona hii ni dharau, nchi yetu halafu mnaamrishana kwa lugha gani hiyo. Ila jiulize wewe uliyepitia JKT, kama "mguu pande, mguu sawa" ingetamkwa kwa lugha unayoisikia nusu nusu, na risasi zinalia, ungegeuka upande gani? Mtu anayetafsiri kichwani anachelewa sekunde mbili na hizo sekunde mbili ndizo zinaua. Kwa hiyo lugha ilikuwa kifaa kama bunduki.

Kambini aliwaita askari wake raia, tena hata akiwa anawafokea, anawahubiria mambo ya ujamaa jioni mtu kachoka anataka kulala, na wao wakamwita "Papa", baba. Alijenga matanuri wapate mkate mbichi badala ya zile biskuti za jeshi ngumu kama kigae ambazo watu walizipasua kwa kitako cha bunduki. Ukiniuliza mimi, mkate ulifanya kazi kubwa kuliko mahubiri.

Mtihani wa kwanza ulikuja 17 Desemba 1861 pale Rowlett's Station, Kentucky, karibu na reli inapovuka Green River. Wapanda farasi wa Texas wakawashukia. Mpaka hapo kila mtu alikuwa anaamini askari wa miguu wa kujitolea akiona farasi mia wanakuja anakimbia, na ukikimbia umekwisha maana farasi ana kasi kuliko wewe. Wajerumani hawakukimbia, makundi yao yakajikusanya mraba, migongo ndani, singe nje. Umeshawahi kuona nyati wanavyozunguka ndama zao simba akija, pembe zote zinaangalia nje? Ndiyo hiyo. Farasi ana akili, hajitupi juu ya ukuta wa vyuma. Kanali Terry wa Texas akauawa pale, Willich mwenyewe alifika mapambano yameshaanza kwa hiyo sifa nyingi ya mwanzo ni ya msaidizi wake von Trebra, watu husahau.

Askari mmoja wa rejimenti hiyo, August Bloedner, mkono wake ulikuwa wa kuchonga mawe. Mwezi uliofuata tu, Januari 1862, akachonga jiwe la chokaa kwa ajili ya wenzake waliokufa, majina yao na tarehe za kuzaliwa, herufi za Kijerumani toka juu mpaka chini. Ndilo kumbukumbu kongwe zaidi ya vita ile ambayo bado ipo. Jiwe laini, mvua ililila karibu miaka 150, mingi yake makaburini Louisville, mpaka maneno mengi yakafutika, 2008 wakaling'oa na sasa liko ndani ya makumbusho palepale Louisville. Mimi nikilitazama kwenye picha huwa nafikiria, kumbukumbu kongwe ya vita ya Wamarekani, na Mmarekani wa kawaida hawezi kuisoma.

Aprili 1862 ikaja Shiloh, siku mbili zilizoacha watu karibu 24,000 wameuawa, kujeruhiwa au kupotea, jumla ya pande zote. Siku ya pili rejimenti ya Willich ikiwa katikati ya moto watu wakaanza kuyumba, mstari unapiga hovyo. Yule mzee akaenda mbele ya mstari, akawageuzia adui mgongo, akaanza kuwaendesha kwata ya silaha pale pale. Beba silaha, teremsha silaha, kana kwamba wako uwanjani Jumapili, huku wenzao wanaanguka, na bendi inapiga wimbo wa mapinduzi wa Wafaransa. Jenerali Lew Wallace aliyekuwa upande ule aliliona akaja kuliandika. Walipotulia akawapeleka mbele. Ukiisoma haraka unaona ni kichaa, lakini mwenye kujua kwata anaelewa, mwili ukishapewa kazi uliyoizoea akili nayo inarudi nyumbani. Julai mwaka huo akapandishwa kuwa brigedia jenerali.

Ushujaa hauzuii mikosi. Alfajiri ya 31 Desemba 1862 huko Stones River, Tennessee, alikuwa ametoka kuonana na mkubwa wake, watu kambini wanachemsha kahawa, Kusini wakaingia. Akarudi mbio, farasi wake akapigwa risasi, yeye akatekwa. Wakampeleka Libby, Richmond, ghala la matofali lililogeuzwa gereza la maafisa, akakaa mpaka Mei 1863 alipotolewa kwa kubadilishana mateka.

Aliporudi alikuja na ujanja mpya. Bunduki za wakati ule zilishindiliwa mdomoni kama gobore la kijijini, baruti, risasi, unashindilia, ukiwa mwepesi sana unapata tatu kwa dakika, na ukisimama kushindilia umeacha kusonga. Willich akapanga watu safu nne. Safu ya mbele inapiga halafu inabaki hapohapo kushindilia, ya nyuma yake inapita katikati inakuwa mbele, inapiga, nayo inapitwa, hivyo hivyo, moto haukatiki na mstari unaenda tu. Juni 1863 pale Liberty Gap ukatumika ukafanya kazi. Novemba mwaka huo brigedi yake ilikuwa miongoni mwa zilizopanda Missionary Ridge wakati amri ilikuwa kuteka mahandaki ya chini tu, na mpaka leo watu wanabishana nani alisema pandeni. Mei 1864 huko Resaca, Georgia, mdunguaji akampata begani, mkono haukuwa mzima tena, vita yake ya mstari wa mbele ikaishia hapo akapewa kazi za utawala nyuma.

Sasa hilo la uoga, lile lililotuchekesha kijiweni. Mei 1863, wakati Willich anatoka Libby, kule mashariki Kikosi cha 11 chenye Wajerumani wengi kilipigwa vibaya Chancellorsville. Jenerali Jackson wa Kusini alizunguka porini na watu zaidi ya 25,000 akawatokea ubavuni jioni wanapika. Wakakimbia. Magazeti yakawapa jina, Wadachi wanaoruka. Kisichosemwa ni kwamba mkuu wa kikosi alikuwa Howard, mzaliwa wa Maine, na maafisa wa Kijerumani, Carl Schurz mmojawapo, walimwambia mchana ule kwamba ubavu uko wazi, hakuna kitu kikubwa kilichofanyika. Pia kikosi hakikuwa cha Wajerumani peke yao, na kuna waliosimama wakapiga mpaka wakazidiwa. Kikosi chochote kikiguswa ubavuni kinavunjika. Ila ukiwa mgeni ukishinda ni ushindi wa nchi, ukishindwa ni kabila lako.

Na banda la nguruwe? Huyo ni Alexander Schimmelfennig, mtu wa 48 mwingine. Kwenye ujenerali wake kuna stori kwamba Lincoln alimchagua kwa ajili ya jina tu, wapiga kura Wajerumani wafurahi, ipokee kama stori ila siasa kwenye vyeo ilikuwepo kweli, kwa Wajerumani na kwa Wamarekani wenyewe vilevile. Tarehe 1 Julai 1863 Gettysburg, wakirudi nyuma mitaani, alijikuta uchochoro umefungwa na adui wako pande zote. Akaruka uzio akaangukia uani kwa familia ya Garlach, akajificha kwanza chini ya kivuko cha mbao cha mtaro, baadaye nyuma ya rundo la kuni, jirani na banda la nguruwe. Siyo ndani. Mama mwenye nyumba akatoka na ndoo kana kwamba anaenda kulisha nguruwe, akapita akamwachia mkate na maji. Mji ulishikwa na adui mpaka tarehe 4, angetoka angetekwa, hiyo ni hesabu na siyo uoga. Februari 1865 yeye ndiye aliyepokea mji wa Charleston, palepale vita ilipoanzia, na miezi saba baadaye TB ikamuua.

Willich yeye alimaliza na cheo cha heshima cha meja jenerali, akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa wilaya kule Cincinnati. Mzee wa kijiweni, yule wa Maji Maji, alinifuata jioni akaniuliza kwa hiyo huyo mtu hakurudi kwao? Nikamwambia alirudi, babu. 1870 Prussia ilipoingia vitani na Ufaransa, Willich ana miaka 59, bega bovu, alikuwa Berlin na akajitolea kupigana. Mfalme wa Prussia wakati huo alikuwa nani? Wilhelm, yuleyule wa 1849. Wakamkataa, umri, afya, na siasa zake hawakuwa wamezisahau. Akaenda kukaa darasani chuo kikuu na vijana kusoma falsafa, kisha akapanda meli akarudi Ohio, akafa 22 Januari 1878 kwenye kamji kanaitwa St. Marys, akazikwa hukohuko.

Miaka saba baadaye, 27 Februari 1885, Wilhelm sasa ni Kaiza ana miaka 87, akaletewa hati ya mkoloni Carl Peters ya kushika nchi za huku kwetu, Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, akatia saini. Mjerumani wako babu, nikamwambia, anaanzia pale.